Mwanga wa asubuhi na afya ya akili: kipimo, saa na makosa yetu hapa Lubumbashi

Lubumbashi haina uhaba wa jua. Kuanzia mwezi wa 5 hadi mwezi wa 9 mvua inakatika, anga inakaa safi, na hata msimu wa mvua jua huchungulia karibu kila siku. Lakini angalia watu wanavyoshinda. Fundi cherehani yuko ndani ya kiduka cha mita mbili kwa tatu, amewapa mgongo wapita njia. Dada wa kutuma na kupokea pesa amekaa nyuma ya nondo tangu asubuhi. Mama aliyejifungua yuko chumbani, pazia limeshushwa. Mlinzi wa usiku analala mchana kutwa. Wote hawa wanaweza kumaliza wiki nzima macho yao hayajapata mwanga wa kutosha. Usingizi unaharibika, asubuhi mwili unakuwa mzito, hasira zinakuwa za karibu, moyo unafifia, na mara nyingi familia inatafuta sababu mbali sana.

Nitaeleza kwa vipimo, maana ushauri wa "toka nje upate hewa" haumsaidii mtu kama hajui atoke saa ngapi, akae muda gani na aelekee wapi. Saa zote hapa nimeziandika kama zinavyosomeka kwenye simu: 06:30 ni asubuhi, 18:00 ni jioni.

Mwanga unapimwa kwa luksi. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga juu ya kioo, karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazosoma namba yake. Ishike simu usawa wa macho, uso wake uelekee kule unakotazama, kisha tembea nayo. Katika chumba chenye dirisha dogo na pazia utaona luksi 30, 50, labda 100. Simama dirishani, pazia limefunguliwa: mia kadhaa, pengine elfu. Rudi hatua tatu ndani na namba itaporomoka hata kama macho yako hayajaona tofauti, kwa sababu mboni inajitanua na kukudanganya kwamba chumba kina mwanga. Barzani, chini ya paa lakini upande mmoja ukiwa wazi, utapata elfu moja hadi elfu nne hivi. Ukisimama uwanjani siku ya mawingu unapita 10,000. Jua la mchana kweupe linakaribia 100,000. Balbu ya LED ya wati 9 katika chumba cha kawaida huwa haifiki hata 150. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi nawasha taa, sikai gizani" bado yuko gizani kwa hesabu ya ubongo.

Ubongo una hesabu yake kweli. Mwaka 2002, David Berson na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba nyuma ya jicho kuna seli ambazo kazi yake kubwa ni kupima wingi wa mwanga, mbali na zile tunazotumia kuona sura na rangi. Zinaamka zaidi kwa mwanga wa buluu, ambao anga ya mchana imejaa. Zinapeleka habari moja kwa moja kwenye kisehemu kidogo cha ubongo kinachoongoza saa ya mwili: lini ulale, lini joto la mwili lipande, lini homoni ya usingizi itoke. Kwa watu wengi saa hiyo, ikiachwa peke yake, inazunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24. Mwanga wa asubuhi ndio unaoisukuma mbele kidogo kila siku ili ilingane na jua. Ukiukosa, usingizi unachelewa kidogo kidogo, kuamka kunakuwa vita, na hali ya moyo inafuata. Mwaka huohuo watafiti wa Australia walichunguza wanaume 101 wenye afya na kuona kwamba ubongo ulitengeneza serotonini, kemikali inayohusika na hali ya moyo, kwa wingi zaidi siku zenye saa nyingi za jua kali.

Tiba ya mwanga yenyewe ilijulikana kupitia mtu wa kusini mwetu. Norman Rosenthal, daktari aliyetoka Afrika Kusini akaenda Marekani, aliona jinsi majira ya baridi ya huko yalivyompunguzia nguvu, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakaeleza sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, inayokuja na majira ya baridi. Kipimo kilichokuja kukubalika baadaye ni luksi 10,000 kwa dakika 30 kila asubuhi, au luksi 2,500 kwa saa mbili. Kikajaribiwa pia kwa watu wenye sonona isiyofuata majira. Utafiti wa Kanada uliotoka mwaka 2016, wenye wagonjwa 122 waliofuatwa kwa wiki 8, ulionyesha kwamba mwanga wa asubuhi, wenyewe au pamoja na fluoxetine, dawa ya sonona, uliwasaidia zaidi ya tiba ya kuigiza, yaani kifaa na kidonge visivyofanya kazi. Hospitalini Milan, Italia, wagonjwa wa sonona wenye hali ya kupanda na kushuka waliolazwa vyumba vya upande wa mashariki walitoka karibu siku nne mapema kuliko wa upande wa magharibi.

Wazungu wananunua taa maalumu ili wafikie luksi 10,000. Sisi tunazipata bure nje ya mlango, tena zaidi.

Kabla ya kuendelea, tenganisha vitu viwili vinavyochanganywa kila siku. Faida ya akili ninayoizungumzia hapa inapita machoni. Vitamini D inatengenezwa na ngozi, kwa miale ambayo kioo cha dirisha huizuia. Vitamini D ni muhimu kwa mifupa, na ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu zaidi kuitengeneza, lakini vidonge vyake havijathibitika kuwa kinga ya sonona: utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2020, wenye watu wazima zaidi ya 18,000, haukuona tofauti. Kwa hiyo huna sababu ya kujianika kifua wazi 12:00 mchana ili moyo upone. Unahitaji macho yaliyo wazi, mahali pa wazi, asubuhi.

Jua letu linachomoza karibu 06:30 mwezi wa 6 na karibu 05:45 mwezi wa 12. Toka ndani ya saa moja baada ya kuamka, jua likiwa limeshatoka. Usitoke gizani, usalama wa barabara zetu unajulikana, na gizani hakuna mwanga wa kukufaidi. Anga ikiwa safi, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Ikiwa na mawingu mazito, fanya 30 hadi 45. Ukiwa barzani kivulini, hesabu kama saa mbili, maana mwanga ni robo tu ya ule wa nje. Keti au simama ukitazama upande wenye anga kubwa, jua likiwa pembeni mwako. Kamwe usilikodolee jua lenyewe: linaunguza nyuma ya jicho bila maumivu, na kovu lake linaweza kubaki maisha. Miwani ya kusomea haina shida. Miwani myeusi iache mfukoni mpaka jua lipande, isipokuwa una ugonjwa wa macho au ualbino.

Kosa ninaloliona zaidi ni simu. Mtu anatoka nje vizuri, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anainamisha kichwa nusu saa nzima. Macho yake yanapokea mwanga wa kioo na wa mapaja yake, na sehemu kubwa ya anga imezibwa na kope na paji la uso. Acha simu ndani, au isikilize bila kuitazama.

Kosa la pili ni la msimu wa baridi. Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi zetu zinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na watu wanajifungia mpaka 09:00. Bibi zetu walikuwa na namna nzuri: kuota jua ukutani. Chagua ukuta unaotazama mashariki, weka mgongo ukutani, kikwembe mabegani, uso uelekee uwanja, jua likiwa pembeni. Matofali yanakurudishia joto na macho yanapata anga yote. Wengi wanageuka, wanaelekeza mgongo kwenye jua na uso ukutani ili mgongo upate joto. Mgongo unafaidi, ubongo haupati kitu.

Ni rahisi kushika desturi ikifungwa kwenye kazi iliyopo tayari. Kufagia lupango, kumwagilia lengalenga na kalembula, kufua, kuwasha mbabula ya chai, kuteka maji: kazi hizi zote zinaweza kufanyika kati ya 06:30 na 08:00, na zote zina anga juu. Kama kazi yako ni ya ndani, shuka bisi kituo kimoja kabla na umalizie kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki. Dakika 30 za kutembea haraka, siku tano, zinakufikisha hapo, na unapata mwanga humohumo. Miti na maji vinaongeza kitu: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2019, wenye watu karibu 20,000, uliwaona waliopitisha angalau dakika 120 kwa wiki katika maeneo ya asili wakisema wana afya na utulivu zaidi kuliko wasiotoka kabisa. Bustani ya wanyama ya mjini, ukingo wa ziwa, au safu ya jakaranda tu, vyote vinafaa.

Mtu aliyekwisha kushikwa na sonona hawezi kuanza na nusu saa. Kwake kitanda kina uzito ambao mwenye afya haujui, na kumwambia "amka, acha uvivu" kunamzidishia mzigo wa aibu. Anza na kufungua pazia na mlango saa ileile kila siku, hata akibaki amelala. Siku mbili tatu baadaye, kiti kwenye kizingiti kwa dakika 10, chai mkononi. Halafu barzani dakika 20. Halafu mpaka kwenye lango, na mtu wa kumsindikiza asiyeuliza maswali mengi. Apange kazi moja ndogo ya nje yenye mwisho unaoonekana, kama kumwagilia tuta moja. Asingoje kupata hamu ndipo atoke. Katika ugonjwa huu kitendo kinatangulia na hamu inafuata nyuma, wakati mwingine siku kadhaa nyuma. Apewe daftari: saa ya kulala, saa ya kuamka, dakika za nje, na hali ya moyo kwa namba kuanzia 0 hadi 10. Asihukumu kabla ya wiki mbili, kwa sababu mwanga kwa kawaida unachukua wiki moja hadi mbili kuonyesha kazi yake.

Kuna wazee wenye shida iliyogeuka: wanasinzia 19:00, halafu 03:00 macho makavu. Hao saa yao imekimbia mbele, na mwanga mwingi wa alfajiri utaisukuma mbele zaidi. Wakae nje kati ya 16:00 na machweo. Kama kuamka mapema kunakuja na huzuni na kukosa hamu ya chakula, hiyo ni dalili ya kumwona muganga wa hospitali.

Nyumba yenyewe inarekebishika kwa pesa kidogo. Toa bati moja na uweke la plastiki linalopitisha mwanga, juu ya sehemu mnayokaa asubuhi, upande wa mashariki ili mchana lisipike watu. Misumari ya paa iwe na raba, na bati hilo lilale chini ya lile la juu yake, la sivyo mvua ya mwezi wa 11 itapita. Paka kuta chokaa nyeupe. Toa kabati lililoziba dirisha. Fundi cherehani ageuze meza ili uso wake uelekee mlango. Kwa zamu ya saa nane hiyo peke yake inaweza kumpa mwanga mara kumi ya aliokuwa nao.

Wafanyakazi wa usiku wanastahili maneno zaidi, kwa sababu mji huu unaishi kwa migodi, viwanda na walinzi, na ushauri wa "jua la asubuhi" unaweza kuwaharibia usingizi. Mlinzi anayetoka kazini 06:00 akitembea saa nzima juani, ubongo unapokea amri kwamba siku imeanza, halafu anajaribu kulala. Anaambulia saa tatu au nne, anaamka na hasira, jioni anarudi kazini. Wiki zikipita hivyo, sonona haiko mbali.

Anayefanya usiku mfululizo afanye hivi. Akitoka kazini avae miwani myeusi na kofia yenye ukingo, asipitie popote, aende kulala moja kwa moja. Ila kama anaendesha pikipiki au gari na usingizi umemshika, miwani aiache, maana ajali ni karibu zaidi kuliko sonona. Chumba kiwe giza la kweli: katoni kwenye dirisha, kikwembe kizito juu yake, tambara chini ya mlango. Alale mpaka 13:00 au 14:00. Akiamka tu, atoke nje dakika 30 hadi 60, huo ndio uwe mwanga wake wa asubuhi, kivulini kama jua ni kali. Kazini, taa iwe ya kutosha nusu ya kwanza ya usiku na ipungue mwishoni kama kazi inaruhusu. Siku ya kuingia mapumziko, asilale mchana kutwa. Alale dakika 90 tu asubuhi, atoke nje alasiri, kisha alale mapema usiku na watu wengine. Anayezungushwa mchana na usiku kila wiki hatafikia mpangilio mzuri hata akijitahidi. Hapo shida iko kwenye ratiba, na ninaamini wakuu wa zamu wanapaswa kuelezwa hivyo.

Usiku nao una upande wake. Utafiti wa mwaka 2023 uliowapima watu zaidi ya 86,000 Uingereza kwa vifaa vya kuvaa mkononi uliona kwamba mwanga mwingi usiku unaambatana na sonona zaidi, na mwanga mwingi mchana unaambatana na sonona kidogo. Taa ya usalama iwake nje ya nyumba. Ndani ya chumba cha kulala izimwe.

Mama aliyejifungua asifungiwe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano anapata shida ya akili baada ya kuzaa, hasa sonona. Mama akae barzani kila asubuhi, mtoto mapajani kivulini, macho ya mtoto yasielekee jua. Na mtoto akiwa na rangi ya manjano machoni, kumwotesha jua si tiba: apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sasa hatari. Tuko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na mwezi wa 10 na wa 2 jua la mchana linapita juu ya utosi. Miale inayounguza inafika kiwango ambacho Shirika la Afya linakiita cha kupindukia. Kipimo ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia kivulini au vaa kofia na mikono mirefu. Wenye ualbino watoke kabla ya 08:00 au baada ya 16:00, kofia yenye ukingo mpana, mafuta ya kinga ya namba 30 au zaidi, wayarudie kila saa mbili. Anayetumia krimu za kujichubua ana ngozi iliyopokonywa kinga. Hidrokwinoni pamoja na jua huleta mabaka ya bluu-nyeusi ambayo ni vigumu kutoa, na wanawake wengi wanajificha ndani kwa sababu hiyo. Aache krimu kwanza.

Baadhi ya dawa zinafanya ngozi iungue haraka: doxycycline, cotrimoxazole, na chlorpromazine inayotumika sana kwa wagonjwa wa akili. Anayezimeza asikatae mwanga, akae kivulini penye anga ya wazi. Anayemeza lithium, dawa ya hali ya kupanda na kushuka, anywe maji ya kutosha na asifanye kazi ya jasho jingi juani, kwa sababu mwili ukikauka dawa inarundikana kwenye damu na kuwa sumu. Mtu ambaye amewahi kupanda, yaani siku za kutolala bila kuchoka, kusema mfululizo, kutapanya pesa, asianze na mwanga mkali wa asubuhi bila muganga wake. Wengi wao wanafaa zaidi kwa dakika 15 za mchana, zikiongezwa polepole. Dalili zikianza, apunguze mara moja na aende kuonwa.

Kukaa nje chini ya mwembe na lutuku tangu 10:00 asubuhi hakuhesabiwi. Pombe inavunja usingizi wa usiku na inashusha moyo kesho yake.

Huzuni au kukosa hamu kukizidi wiki mbili, karibu kila siku, na kazi au chakula vikaharibika, mwanga unakuwa msaidizi wa tiba. Hapa mjini kituo cha Joseph Guislain kinahudumia wagonjwa wa akili. Kituo cha afya cha mtaa nacho kinaweza kuandika barua ya kumpeleka. Nenda na lile daftari, wiki mbili zikiwa zimejazwa. Anayemeza dawa tayari asiziache kwa sababu asubuhi zimekuwa nyepesi. Azungumze na muganga kwanza. Mtu akisema anataka kufa, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga watu, asiachwe peke yake hata kidogo: ondoeni dawa za wadudu, kamba na vidonge ndani ya nyumba, na mfike naye hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.